Nyumba Yenye Kufuli kwa Nje

Ukitaka kuishi ndani ya karavani Doha bila mtu kujua, adui yako wa kwanza ni vumbi. Likijaa juu ya paa na madirisha, watu wa baladiya, yaani halmashauri ya jiji, watasema imetelekezwa. Watabandika stika ya onyo, na muda wa onyo ukiisha litakuja lori la kubeba magari. Ukiiosha ikang'aa nayo, jirani atajiuliza ni nani anayehangaika kuosha karavani isiyokwenda popote. Kwa hiyo mimi na mume wangu tulikuwa tunaiosha nusunusu. Tunafuta mbele, nyuma tunaacha. Tunapitisha kitambaa ubavuni mara moja mbili, kama mtu aliyeanza kazi akaitwa kwenye simu. Mimi nafua mashuka ya hoteli, usafi ndio unaonilisha, na sijawahi kuona kazi ya kuudhi kama kusafisha kitu kwa kiasi.

Tulikuwa tumeinunua kwa Mzungu mmoja aliyemaliza mkataba wake na aliyekuwa na haraka ya kuondoka, pamoja na gari kuukuu la Patrol la kuivuta. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko dogo la gesi, sinki lililovuja, na kabati ambalo mlango wake ulifunguka wenyewe kila tulipokata kona. Mume wangu aliiita nyumba. Mimi niliiita kopo. Lakini siku ya kwanza nilipochemsha chai humo, nikamwekea kikombe chake mbele yake na mimi nikakaa na changu, nililia. Tangu tufike nchi hii hatukuwa tumekunywa chai tukiwa wawili peke yetu.

Sababu ni kwamba Doha inakupa kazi na kitanda, lakini haikupi kitanda cha watu wawili. Mimi kampuni ilikuwa imenipa kitanda Al Thumama, katika chumba cha wanawake, karibu na uwanja wa ndege. Yeye ni dereva wa tangi la maji, na kampuni yake ilimpa kitanda Industrial Area, katika kambi ya wanaume. Mimi sikuruhusiwa kukanyaga kwake, wala yeye kwangu. Mishahara yetu iliandikwa kwenye mikataba siku tuliyotia sahihi na haikusogea tena. Kodi ilipanda, nyanya zilipanda, sisi tulibaki palepale. Kupanga chumba, hata kile kilichogawanywa kwa mbao ndani ya nyumba ya watu wengine, kungekula pesa ya mtoto wetu aliyebaki Kitui na mama yangu. Na hata tungejikaza tukalipa, mwenye nyumba angeuliza swali moja: cheti cha ndoa kiko wapi?

Hapo ndipo penye shida yetu yote. Sisi tumeoana. Nasema hivyo mapema ili msomaji asinitazame kwa jicho la pembeni. Mbuzi wa ntheo walipelekwa kwetu, wakachinjwa, wazee wa pande zote mbili wakala, na kwetu Ukambani mbuzi hao wakishaliwa hakuna mtu anayeuliza tena wewe ni mke wa nani. Hata nikifa leo, nitazikwa kwa mume wangu. Ila hakuna aliyekumbuka kwenda kwa msajili wa ndoa. Nani angekumbuka? Tulikuwa na nyama, tulikuwa na nyimbo, shangazi zangu walicheza mpaka mmoja akateguka mguu. Karatasi ilikuwa jambo la watu wasioaminiana.

Tulipofika Qatar ndipo tukaambiwa, na wenzetu waliotutangulia, kwamba mwanamume na mwanamke wakikutwa chini ya paa moja bila karatasi ni kosa la polisi. Ni jela kwanza, halafu ndege ya kurudi nyumbani, na usirudi tena. Tukasema sawa, tukienda likizo tutaandikisha. Msajili anataka kutuona wote wawili mbele yake. Kampuni yangu inanipa likizo inapotaka, na yake inampa inapotaka, na mpaka leo hazijawahi kutaka pamoja. Kwa hiyo tulikuwa mke na mume Kitui, na Doha tulikuwa kesi inayosubiri kushikwa.

Basi tukaanza kuzunguka. Al Wukair palikuwa bado na viwanja vitupu kati ya nyumba mpya, na malori ya kokoto yakiegeshwa ovyo, kwa hiyo karavani moja zaidi haikumshtua mtu. Tukikaa hapo kidogo tunahama. Majira ya baridi, wenyeji wanapotoka mjini kwenda kupiga kambi mchangani, tulikuwa tunajisogeza mbali kidogo na mahema yao, na mtu akituona anadhani sisi ni wafanyakazi wa kambi fulani. Huo ndio wakati niliokaribia kufurahi. Nilikuwa nikikaa mlangoni, miguu iko nje, nakula chapati baridi, naangalia mchanga. Halafu pikipiki ya magurudumu manne inapita karibu na kijana wake wa kanzu, na mimi naingiza miguu ndani haraka kama nimeguswa na moto.

Niliogopa kila kitu. Niliogopa taa ya buluu ya polisi hata ilipokuwa inamfuata mtu mwingine. Niliogopa watoto waliocheza mpira kiwanjani, kwa sababu mpira ukigonga ubavu wa karavani watakuja kuuchukua na watachungulia. Niliogopa kikohozi changu mwenyewe. Redio hatukuwa nayo. Tulizungumza kwa kunong'ona, tukacheka kwa kunong'ona, na tukigombana tuligombana kwa kunong'ona pia. Jaribu siku moja kugombana na mume wako kwa kunong'ona. Hata kama haki ni yako, unajisikia mchawi.

Wazo la kufuli lilikuwa langu. Mimi hufanya kazi usiku; basi la kampuni linanirudisha Al Thumama asubuhi, naingia chumbani kwetu, nabadilisha nguo, nawaambia wenzangu naenda kwa dada yangu, natoka. Mume wangu ananichukua nyuma ya duka la mboga, ananipeleka kwenye karavani nilale, yeye anakwenda kwenye zamu yake ya mchana. Sasa siku moja, tukiwa Al Wukair, mtu aligonga mlango nikiwa nimelala. Akagonga, akajaribu kitasa, akazunguka nyuma, akarudi akagonga tena. Sikuwahi kujua alikuwa nani. Mume wangu aliporudi alinikuta chini ya kitanda, na nikamwambia mlango usio na kufuli kwa nje unamwambia kila mtu kwamba kuna aliye ndani. Akanunua kufuli kubwa. Tangu siku hiyo akawa ananifungia kila akiondoka, anaweka ufunguo mfukoni, na mimi nalala usingizi mzuri kuliko kabla. Madirisha tulikuwa tumeshayakaza kwa skrubu kwa ajili ya vumbi na macho ya watu, tukaweka juu yake yale makaratasi ya fedha ya kuzuia jua. Kwa nje ungesema humo hamna hata panya.

Kiangazi kilipofika, hatukuwa na la kufanya isipokuwa kwenda Industrial Area. Mimi ni wa Kitui, joto nalijua, lakini joto la Kitui linakuacha upumue. La Doha linakuingia puani kwanza. Karavani bila kiyoyozi mwezi wa saba ni jiwe la kuchomea nyama, na kiyoyozi kinataka stima. Fundi mmoja kutoka Kerala, mwenye gereji ndogo kati ya maduka ya tairi, alitukubalia tuegeshe nyuma ya gereji yake, ukutani, na kuchomeka waya wetu kwake. Mume wangu alimletea maji mazuri ya tangi kila wiki, yakawa ndiyo malipo. Pembeni yetu palikuwa na magari mabovu yasiyo na milango wala tairi. Tulifaa kabisa pale.

Halafu fundi akaenda likizo kwao. Alifunga gereji, akatuachia stima, akasema tusihofu kitu. Wiki hiyo ikavuma dhoruba ya vumbi, na yote ikatua juu yetu. Mume wangu alisema ataosha Ijumaa.

Siku yenyewe nilikuwa nimelala fofofo. Nilichosikia kwanza si sauti, ni kimya. Kiyoyozi kilikuwa kimezima. Nikadhani stima imekatika, nikangoja irudi, kama mtu yeyote wa Kenya angengoja. Kisha nikasikia mnyororo. Ukaburutwa chini, ukagonga chuma mbele ya karavani, na mtu akasema kitu kwa Kiarabu, mwingine akamjibu kwa lugha nisiyoijua. Nikaketi. Karavani ikainama upande wa nyuma, na kabati likafunguka, unga ukamwagika, sufuria zikaja mpaka miguuni kwangu.

Nilielewa. Hakukuwa na la kuelewa zaidi. Lori la kubeba magari lilikuwa linatupandisha mgongoni, kopo na mimi ndani yake, na hao watu hawakuwa na habari nami, kwa sababu mlango ulikuwa na kufuli kwa nje.

Nilimpigia mume wangu. Alipokea kukiwa na kelele za pampu nyuma yake.

"Wanaivuta," nilinong'ona.

"Nini?"

"Karavani! Kuna lori. Mimi niko ndani. Stima wameitoa."

Nikasikia akizima pampu. Halafu akasema, "Lakini ile stika niliitoa."

"Stika gani?"

"Ya baladiya. Walibandika mbele. Niliibandua juzi asubuhi na mapema, ulikuwa bado hujatoka kazini. Sikutaka ushikwe na presha."

Nataka msomaji anielewe: mume wangu si mjinga. Ana leseni ya magari makubwa, anaijua Doha kuliko wengi waliozaliwa hapo. Lakini tulikuwa tumeishi sana kwa kufuta alama, tukafika mahali tukaamini kwamba ukifuta alama umefuta na jambo lenyewe. Angekuwa mtu mwingine angekwenda ofisi ya baladiya, akaeleza, akahamisha gari. Sisi hatukwenda ofisini kwa sababu yoyote ile. Kwa hiyo alibandua stika kwa kucha, akasugua gundi kwa mafuta ya taa, akaenda kazini na moyo mweupe.

"Skiza," akasema. "Kaa tu kimya. Usipige kelele. Niko njiani, najua yadi wanakokwenda, nawafuata."

"Kuna joto."

"Najua. Kunywa maji. Lakini usipige kelele, mama. Tafadhali. Wakikukuta humo tumeisha."

Lori likaondoka. Nililala sakafuni, kwenye unga, kwa sababu kitandani nilikuwa narushwa. Maji niliyokuwa nayo yalikuwa chupa moja iliyobaki nusu, nikayamaliza kabla sijafikiria kuyapima. Kila tulipokata kona kitu kilianguka. Joto lilianza juu, kwenye paa, nikalisikia likishuka kidogo kidogo mpaka likanifikia pale chini. Jasho lilinitoka mpaka nikateleza juu ya plastiki ya sakafu, halafu nikaona halinitoki tena, na hilo lilinitisha kuliko jasho. Nilikuwa nimesikia hotelini habari za watu waliopigwa na joto. Wanasema ukiacha kutoa jasho umebakiza kidogo.

Nilimpigia tena. Akasema yuko kwenye foleni ya magari, yuko nyuma kidogo tu. "Vumilia, mama," akasema. "Usipige kelele." Nikamwambia nakufa. Akasema, "Hufi. Vumilia kidogo tu." Kisha simu ikaandika kwamba imepata joto sana, ikazima yenyewe.

Nikabaki na maneno yale. Mwanzoni niliyafuata. Niliuma kanga yangu nisije nikalia kwa sauti. Niliwaza mtoto, niliwaza mama yangu akipokea simu, niliwaza chumba cha polisi na mtu akiniuliza karatasi iko wapi na mimi nikimweleza habari za mbuzi. Hayo yote yalikuwa ya kutisha, na nilikuwa nimeyaogopa kila siku mpaka nikayazoea. Lakini chini ya woga huo ukaanza woga mwingine, mpya. Nilikuwa namuogopa mume wangu. Si kwamba angenidhuru. Nilimuogopa kwa sababu nilimwambia nakufa, na yeye akanijibu kuhusu kelele.

Lori likasimama. Injini ikazimwa. Nikasikia adhana ya adhuhuri, karibu sana, na nikasikia mlango wa dereva ukifunguliwa na ndala zikigusa chini. Alikuwa anakwenda kuswali. Angeingia msikitini wenye baridi, angetawadha, angeswali bila haraka kama mcha Mungu yeyote, na mimi ningebaki juu ya lori kwenye jua, ndani ya chuma, kimya, mke mtiifu. Ndala zikaanza kwenda zake.

Nilichukua sufuria nikapiga ukuta. Nilipiga kwa nguvu zote nilizobakiza, na nikapiga kelele, na kelele zenyewe hazikuwa Kiingereza wala Kiarabu, zilikuwa Kikamba. Nilimwita mama yangu. Kama kuna mtu wa kwetu alipita barabara ile siku hiyo, alisikia karavani ikimlilia mama yake.

Ndala zikarudi mbio. Nikasikia, "Ya Allah, ya Allah," na chuma juu ya kufuli, tena, tena, mpaka likavunjika.

Aliyefungua alikuwa Mpathani wa makamo kutoka Pakistani, ndevu zake zimepakwa hina, amekunja suruali tayari kwa udhu. Aliniona nimekaa sakafuni na dera limejaa unga. Hakuuliza kitu. Alinimwagia maji ya chupa yake kichwani, akanipa nyingine ninywe, akaniambia polepole, polepole. Akanisaidia kushuka, akaniweka mbele ndani ya lori, akawasha injini, akageuza tundu za kiyoyozi zote zinielekee. Kisha akashuka akasimama nje upande wangu, mlango wazi, ili mtu asije akasema amejifungia na mwanamke. Tuliongea kwa Kiingereza cha kuokotaokota kilichochanganyika na Kiarabu cha Doha, kile ambacho sote tunakijua kidogo kidogo. Nakiandika hapa kwa Kiswahili.

"Nani kafunga wewe?" akauliza. "Baba? Madamu?"

Baba na madamu huku ni matajiri wa watumishi wa ndani, ndipo nikaona anachoona yeye. Mwanamke Mwafrika, amefungiwa ndani ya sanduku la chuma, kufuli liko nje, madirisha yamekazwa kwa skrubu. Aliniona mtumishi wa ndani aliyetiwa kizuizini na tajiri wake. Uso wake ulikuwa umejaa hasira, hasira kwa ajili yangu, na tayari simu ilikuwa mkononi.

"Shurta," akasema. "Polisi. Polisi mzuri, dada. Usiogope. Atashika yeye."

Nilimshika mkono. Mchana kweupe, barabarani, mbele ya msikiti, nilimshika mkono mwanamume nisiyemjua na sikuuachia. Nikamwambia hapana polisi, hapana, hapana tajiri, ni mume wangu.

"Mume?"

"Mume wangu ndiye aliyefunga."

Alinitazama. "Mume hapana funga, dada," akasema polepole, kama anamfundisha mtoto. "Mbuzi ndiyo inafungwa."

Ningeweza kumweleza. Nilikuwa na maneno ya kutosha. Ningesema nilitaka mwenyewe, kufuli lilikuwa shauri langu, nililala vizuri zaidi likiwepo. Yote hayo ni kweli. Lakini niliposikia sauti yangu ikianza kuyasema, nilijisikia kama wale wanawake unaowasikia nyumbani wakisema mlango ndio ulionigonga, na nikanyamaza. Nikasema tu, "Tafadhali. Anakuja. Ngoja." Aliitia simu mfukoni shingo upande, akatandika mswala kivulini, ubavuni mwa lori lake, akaswali hapohapo ili asiniache peke yangu. Mimi nilikaa kwenye baridi ya kiyoyozi nikitetemeka, na kwa mara ya kwanza tangu tununue karavani mtu yeyote aliyepita aliweza kuniona.

Mume wangu alifika akiwa na tangi lake la maji, la kampuni, ambalo hakuruhusiwa kulitoa kwenye njia yake. Kwa hiyo naye alikuwa ameweka kazi yake rehani kunifuata. Hilo nalijua na sitalisahau. Aliegesha ng'ambo. Akafungua mlango, akasimama kwenye ngazi ya tangi lake, na kutoka juu pale alitazama barabara. Aliitazama upande wa kulia, akaitazama upande wa kushoto, mpaka mwisho. Gari la polisi lilikuwa linakuja taratibu, likapita, likaenda zake. Ndipo akashuka. Alinipita mimi kama mita moja hivi, macho yake mbele, akaenda kumsalimia dereva kwa kumpa mkono, kama mtu aliyesimama tu kuuliza kama kuna msaada unahitajika.

Yule Mpathani hakuupokea mkono. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, akatema mate pembeni, akaenda kufunga upya minyororo yake.

Karavani ilikwenda kwenye yadi ya magari yaliyokamatwa. Mume wangu alikwenda kuitoa baadaye, akalipa faini, akaiuza kwa watu wa vyuma chakavu hapohapo mlangoni. Mimi nilirudi Al Thumama kwa teksi, nikawaambia wenzangu kwa dada yangu kulikuwa na joto, nikalala kwenye kitanda changu cha juu, nikaamka jioni nikapanda basi la kampuni kwenda kufua mashuka. Ijumaa tunakutana ufukweni, mahali penye watu wengi, na tunakaa kwenye benchi moja tukiwa tumeweka mkoba katikati. Bado ni mume wangu. Bado tunasubiri likizo ziangukie mwezi mmoja.

Lakini wiki ile sikutaka kumuona. Nilimpigia simu nikiwa nje ya nyumba yetu ya wanawake, nimesimama kivulini. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kazini. Sikuongea habari za stika, wala za "usipige kelele". Nilimuuliza kitu kimoja. "Mbona uliangalia barabara kwanza?" Na kwa mara ya kwanza tangu tuanze maisha yale sikunong'ona, mpaka wanawake waliokuwa wakianika nguo ghorofani wakachungulia.

Akasema, "Ningekuangalia wewe kwanza, kila mtu angejua wewe ni wangu."

Nilitaka kugombana. Nilikuwa tayari kabisa kugombana. Lakini nilikumbuka kwamba nilipoliona tangi lake likitokea kwa mbali, kabla hata halijasimama, nilikuwa nimeshamgeukia yule dereva nikamwambia, "Huyo ndiye. Tafadhali, kaka, usimwambie mtu yeyote kwamba ni mume wangu."